Mkono Safi wa Limbai

Wajukuu zangu wakitaka kunichokoza husema, "Bibi, tusimulie tena ya Bibi Limbai na mitungi." Wanajua nitaanza kwa kugomba. Nitawaambia acheni upuuzi, nina kazi zangu, halafu nitakaa chini nisimulie mpaka chai ipoe. Leo hakuna aliyenichokoza. Jirani yangu asubuhi alikuwa anapika wali wa kunata wa kutengenezea tapai, pombe yetu ya mtungini, mvuke ukapita dirishani kwangu, nikajikuta nalia jikoni kama mjinga, mwiko mkononi. Ana mwaka sasa dada yangu tangu atutoke. Basi nasimulia.

Limbai alikuwa dada yangu kwa mama mkubwa. Mama yake alifariki akimwacha na miaka minne, akalelewa na bibi yetu mzaa mama, Bibi Gantis, katika nyumba hiyohiyo tuliyokaa mimi na baba na mama. Nyumba ya mianzi juu ya nguzo, pale juu ya mashamba ya mpunga, bonde la Tambunan, mlima Trusmadi nyuma yetu. Mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu na nilimfuata kila aendako. Akienda mtoni nipo. Akienda kuchuma tangawizi mwitu nipo. Mama alikuwa akisema, "Limbai, umeangusha mkia wako," nami nikijua ni mimi ninayesemwa.

Bibi Gantis ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa tapai bonde zima. Arusi, msiba, kuezeka nyumba, sikukuu ya mavuno, watu walikuja kwake. Alikuwa na mitungi mitano ya kale, ya kijani iliyoiva, yenye majoka yamejizungusha tumboni, aliyorithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Ilisimama ukutani upande wa jiko, na mtoto aliyekimbia karibu nayo alikula kofi kabla hajajua kosa lake. Watu walikunywa wakasifu, hawakuuliza inatengenezwaje. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa nikwambie siri iliyokuwa imefungwa ndani ya nyumba yetu. Bibi Gantis hakuwa na ulimi. Ulimi wa nyama alikuwa nao, tena mrefu, muulize baba yangu. Ulimi wa kuonja ndio uliokufa. Miaka arobaini ya tambuu, chokaa na tumbaku iliumaliza. Ukimpa ndimu na ukimpa asali, kwake sawasawa. Tena vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi kuukoroga wali na chachu kama inavyotakiwa. Mtengenezaji wa pombe bila ulimi na bila vidole, ana nini?

Angeweza kumwita mama yangu amsaidie, lakini nyumba yetu ilikuwa na mwiko. Mwanamke anayeona siku zake haigusi chachu, haufungui mtungi, wala hauonji kabla ya siku yake. Hata akiwa amemaliza, hata akiwa ameoga mtoni mara saba. Wanasema chachu inamjua, inakasirika, pombe inageuka siki. Bibi mwenyewe alikuwa ameshakoma, kwa hiyo alikuwa halali. Wanaume hawakuhesabiwa, ulimi wao ulijua kunywa tu. Mwingine aliye halali ni msichana ambaye bado hajavunja ungo. Mkono wa msichana kama huyo tuliuita mkono safi.

Na mkono safi nyumbani ulikuwa wa Limbai. Alianza kukoroga na kuonja akiwa na miaka tisa.

Ee, asubuhi zile! Naziona hivi. Moshi wa kuni, jogoo wa jirani anawika kwa kuchelewa kama kawaida yake, Bibi amejifunika blanketi amekaa kwenye kigoda, na Limbai anapita mtungi kwa mtungi na kikombe chake kidogo cha mwanzi, alichochongewa na Bibi mwenyewe. Anafungua, anachota, anakunywa, anafumba macho. Bibi anamtazama mdomoni kama anayengojea hukumu ya hakimu.

"Wa kwanza?"

"Bado, Bibi. Sukari tupu."

"Wa pili?"

"Umeanza kuuma kwa nyuma."

"Wa tatu?"

"Ngoja." Anachota tena. "Ngoja kidogo." Anachota tena. "Huu tayari. Ukiuacha mpaka kesho utakasirika."

Hakukosea hata siku moja. Asubuhi mtungi kwa mtungi, jioni mtungi kwa mtungi, na kwa malipo yake Bibi alimpa wali uliolowa tapai, mtamu, wa vuguvugu, akala kwa mkono badala ya chai. Wageni walimsifu, "Huyu mtoto ana mkono safi, na ulimi wake una baraka." Limbai akajiona malkia. Mimi nilikuwa nalia wivu! Nilimvuta Bibi nguo, "Na mimi nionje! Na mimi!" Bibi akinisukuma, "Toka hapa, mkono mmoja unatosha." Namshukuru Mungu mpaka leo kwa msukumo ule.

Hakuna aliyeona ubaya. Uniamini. Bibi alimpenda Limbai kuliko sisi sote, alimchambulia samaki miiba mpaka ana miaka kumi. Kuonja pombe kwetu kulikuwa kama kuonja mchuzi, nani anahesabu vijiko? Kweli, mashavu yake yalikuwa mekundu asubuhi, tukasema ana damu nzuri. Darasani alicheka peke yake saa mbili na saa nne amelala juu ya daftari. Mwalimu akasema mtoto huyu kichwa chake hakishiki. Akiwa na miaka kumi na miwili akaacha shule, tukasema basi, kila mtu na riziki yake, yake iko mitungini. Bibi akaongeza kwa maringo, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo."

Alivyokua sasa! Hapo ndipo penye kisa.

Baba alikuwa na desturi. Kila baada ya mavuno anatusimamisha mlangoni, anaweka kisu juu ya utosi, anachora alama kwenye mwimo. Alama zangu zilipanda kama ngazi. Za Limbai zilipanda mpaka miaka kumi na moja, kisha zikaanza kubanana. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, zote zimelaliana, kisu kinapita palepale. Mwaka niliotimiza kumi na tatu nikampita. Nikaruka ruka mlangoni, "Haya, kuanzia leo wewe ndiye mdogo! Niite dada!"

Akacheka. "Shikamoo dada mrefu," akasema. Kila mtu akacheka. Halafu watu walipotawanyika nilirudi kuchukua kandambili zangu nikamkuta anapapasa zile alama zake kwa kidole, moja moja, anatafuta nafasi katikati. Sikusema kitu. Hiyo aibu ninayo mpaka leo.

Mwaka huohuo nikavunja ungo. Mimi, wa miaka kumi na tatu. Yeye, wa kumi na sita, kifua kama ubao wa kufulia, bado. Mama akanitolea mkanda wa sarafu za fedha, ule wa kufunga kiunoni juu ya nguo nyeusi siku ya kucheza sikukuu ya mavuno. Kwetu msichana hafungi mkanda huo mpaka awe mwanamke. Limbai ndiye aliyenifunga, kwa mikono yake. Akauzungusha vizuri, akauvuta, akarudi nyuma hatua moja kuniangalia.

"Umependeza, mkia wangu," akasema.

Limbai naye alikuwa na mkanda wake. Wa marehemu mama yake, mzito kuliko wangu, ulikuwa umelazwa ndani ya sanduku la Bibi, umefungwa kitambaa. Nilikuwa nikimwona anafungua sanduku akidhani hayuko mtu, hauvai, anaugusa tu sarafu zilie. Siku moja tukiwa mtoni tunafua, akaniuliza bila kunitazama.

"Lusiah, inaanzaje?"

"Tumbo linauma kidogo. Halafu basi."

"Mimi tumbo haliumi."

"Litauma tu."

"Nina miaka kumi na sita." Akaikamua nguo mpaka ikatoa sauti. "Lusiah, mimi ni mwanamke kweli? Au niliumbwa nusu, kazi ikakatikia njiani?"

Nilikuwa mtoto, nikammwagia maji. Tukamwagiana maji mpaka tukasahau. Yaani nilisahau mimi.

Kijijini wasichana wenzake walishampa jina, Mtoto wa Milele. Na kulikuwa na Mama Sualin, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kuku, naye alikuwa anatengeneza tapai lakini watu walikwenda kwake ya Bibi ikiisha tu. Alimwonea Bibi kijicho miaka yote. Siku moja alisimama chini ya ngazi yetu akasema, "Gantis, una bahati wewe! Wenzako wajukuu zao wanaharibika mapema, wako mkono safi mpaka kaburini!"

Na Bibi akacheka! Akajibu kwa kujivuna, "Mungu ananijua. Amenipa asiyekua."

Limbai alikuwa amebeba ndoo ya maji. Aliiweka chini polepole, akaenda nyuma ya nyumba. Mama yangu aliyaona yote yale kutoka dirishani, na mama ni mtu mpole, lakini jioni ile alifunga kitenge kiunoni akamwambia Limbai, "Kesho nakupeleka kwa nesi. Wewe umenyamaza, sote tumenyamaza. Mficha uchi hazai."

Nesi wa zahanati ya misheni alikuwa anaitwa Filomina, mtu wa pwani, sauti yake ukiwa nje unaisikia. Alimpima Limbai kifua, urefu, macho, tumbo. Akamuuliza kama ana homa, kama anakula, kama kuna ndugu aliyechelewa hivi. Akauliza, "Pombe unakunywa?"

"Hapana," Limbai akasema. Mama akasema hapana. Na mimi nikatikisa kichwa, hapana kabisa. Wallahi tulikuwa tunasema kweli! Kwetu kunywa ni kukaa na watu, upatu unalia, mrija mdomoni. Hilo Limbai hakuwahi kulifanya.

Nesi Filomina akainama akamnusa. "Mbona unanukia pombe saa tatu asubuhi?"

"Naonja tu. Nina mkono safi."

"Unaonja nini?"

"Mitungi ya Bibi."

"Mingapi?"

"Mitano."

"Mara moja?"

"Asubuhi na jioni. Mwingine ukiwa mgumu narudia. Na ule wali wake."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka tisa."

Nesi akaweka kalamu chini. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akamrudia Limbai, na ile sauti yake kubwa ikashuka. "Mwanangu, huko si kuonja. Unakunywa kuliko baba yako."

Mama akakaa chini, pale pale kwenye sakafu.

Nesi hakujifanya mjuzi. Alisema yaweza kuwa jambo jingine, wengine huchelewa tu, lakini mwili wa msichana hupokea amri kutoka kichwani, kua, pevuka, na pombe ya kila siku huizuia amri isifike. "Aache. Tone asionje. Ale mayai, ale samaki, ale mboga. Mwezi wa tisa nirudishieni, ikiwa bado nampeleka hospitali kubwa." Sasa nina mjukuu ambaye naye ni nesi, huko mjini Keningau, naye ananieleza vilevile kwa maneno ya kisomi. Kwamba ubongo hutuma homoni kuziamsha za kike na za kukua, na kwa msichana anayebalehe pombe huzilaza, ungo ukachelewa, mifupa ikadumaa, siku zikavurugika. Si kila msichana, ananiambia, lakini usimjaribie mtoto wako. Nikamwambia mjukuu wangu, sisi tulishajaribu.

Tulirudi nyumbani. Bibi aliposikia, alitema tambuu nje ya dirisha kwa hasira mpaka mbwa akakimbia.

"Nesi wa pwani anajua nini? Anajua dagaa! Nyumba hii imetengeneza tapai kabla pwani haijapata zahanati. Mimi mwenyewe nimekulia mitungini, sikuvunja ungo? Sikuzaa? Wewe umetoka wapi?" anamwambia mama.

Limbai ndiye aliyeuliza, amesimama karibu na mlango, palepale penye alama.

"Bibi, wewe ulianza kuonja una miaka mingapi?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nakoroga wali tu. Kuonja alikuwa anaonja mama yangu, ulimi wake ulikuwa mzima mpaka anaku..."

Akakatika hapohapo. Nilimwona Bibi anahesabu moyoni, mama yake, na mama wa mama yake, wote wakionja wenyewe, watu wazima walioshakoma, na kwenye mstari mzima ule hakuna mtoto. Kwamba mtoto alianza na yeye, kwa sababu ya tambuu yake.

"Bibi," Limbai akasema, "nataka mkanda wa mama."

Bibi akanyoosha mkono. Limbai akampa kile kikombe cha mwanzi. Bibi akakigeuzageuza, alikuwa amechonga ua dogo ubavuni, halafu akakisukuma katikati ya moto. Kikalia pwaa kama mianzi inavyolia. Tangu jioni ile tone halikupita mdomoni kwa Limbai.

Sasa shida ikahamia kwa Bibi. Aliacha tambuu. Mwanamke wa miaka sabini! Alitetemeka, alitukana, alimgombeza baba kwa kosa la kupumua, alitafuna vijiti, alisukutua maji ya chumvi, akitumaini ulimi utafufuka kabla ya sikukuu ya mavuno. Kila asubuhi anachota kwenye mtungi, anaweka mdomoni, anatuangalia kwa macho ya kuomba. "Naona kama... kama kuna kitu." Hakukuwa na kitu. Ulimi ulikuwa umekwenda na haurudi.

Mwezi wa tano ukafika. Mwaka ule ilikuwa zamu ya nyumba yetu kukaribisha bonde zima, na siku moja kabla ya sikukuu ilibidi achague mitungi gani ifunguliwe. Baba, ambaye alikuwa na heshima na mkwewe lakini alikuwa na woga zaidi na wageni, akasema, "Mama, mwache mtoto aonje. Mara moja. Ya mwisho."

Limbai akasimama mwenyewe. "Bibi, siku moja haiui. Nipe."

Naona mpaka leo jinsi Bibi alivyomtazama. Jina lake lote lilikuwa ndani ya mitungi ile. Miaka ishirini na zaidi ya jina.

"Keti," akamwambia.

"Bibi, watakucheka."

"Nimesema keti. Kula yai lako."

Akachagua kwa kubahatisha, kwa kidole, mmoja, miwili, mitatu.

Na wakamcheka kweli. Upatu ulilia, watu wakakusanyika, wakainamia mirija, nyuso zikakunjana kama waliolamba shubiri. Ilikuwa siki! Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Wenye adabu walikunywa kidogo wakasema wameshiba, wasio na adabu waliimwaga kwenye nafasi za sakafu, kuku chini wakalewa. Na Mama Sualin, siku yake ya furaha ilikuwa imefika. Aliinua mrija juu watu wote waone.

"Ehe, Gantis! Mkono safi uko wapi leo? La kuvunda halina ubani, shoga yangu. Njooni kwangu, jamani, kwangu kuna tapai ya kunywewa!"

Wakaenda. Nusu ya bonde ikavuka kijito na upatu wao. Mimi nilikuwa nimefunga mkanda wangu, sikucheza, nilikaa chini karibu na Limbai aliyevaa nguo ya kitoto. Bibi alikaa mbele ya mitungi yake, mgongo wima, mikono mapajani, akimwambia kila aondokaye, "Asante kwa kuja." Hakusema neno la kujitetea. Angeweza kusema ni kwa ajili ya huyu mtoto. Hakusema, maana angesema, wangemgeukia Limbai. Nikamchukia Mama Sualin siku ile kwa moyo wangu wote, na nilikuwa na moyo mkubwa wa kuchukia.

Basi, miezi ikaenda. Limbai alianza kula. Hee, alikula! Alikuwa anafuta sahani kwa kidole. Mashavu yale mekundu yakatulia, akaacha kulala mchana. Mwezi wa saba baba akamsimamisha mlangoni bila kungoja mavuno, akaweka kisu. Vidole viwili juu ya alama ya mwisho. Baba akasema tusishangilie, tusimtie kijicho, halafu yeye mwenyewe akapiga kelele mpaka jirani wakadhani nyoka ameingia.

Mwezi wa tisa, siku chache kabla ya kurudi kwa nesi, nilikuwa mtoni nikasikia, "Mkia! Mkia! Njoo!" Nikamkuta nyuma ya jiwe kubwa, khanga mkononi, anacheka na kulia pamoja, machozi na kamasi. Sikuhitaji kuambiwa. Nilimrukia tukaangukia majini sote wawili na nguo zetu. Tulipiga kelele gani! Mtu aliyekuwa ng'ambo angesema tunazama.

Tukarudi mbio. Bibi alikuwa ametandika mkeka, wali wa kunata umetandazwa unapoa, chachu imetwangwa iko kwenye bakuli, maana alikuwa bado anatengeneza kidogo kidogo, ya nyumbani tu, ambayo baba aliinywa kwa uvumilivu. Limbai akasimama mbali, mlangoni, kama mwiko unavyotaka.

"Bibi, kuanzia leo siwezi kugusa."

Bibi akainua kichwa. "Kwa nini?"

Limbai alitabasamu.

Bibi akainuka kwa shida, akaenda kwenye sanduku. Akafungua kitambaa. Akamfunga mjukuu wake mkanda wa mama yake, juu ya nguo iliyolowa maji ya mto, na Limbai alikuwa mdogo mno mkanda ule ukamzunguka karibu mara mbili. Sarafu zikalia. Mama alikuwa analia jikoni waziwazi. Nami nilidhani yamekwisha.

"Njoo," Bibi akasema. Akamshika kiganja, akamwosha mkono kwa maji ya kata, kidole kwa kidole. Akampeleka mkekani. Akauzamisha mkono wa Limbai ndani ya wali, akamwagia chachu juu yake.

Mama akapiga ukelele. "Mama! Unafanya nini? Itaharibika!"

Bibi hakugeuka. "Miaka saba nimeutunza mtungi nikamharibu mtoto," akasema. "Leo kama kuna cha kuharibika, uharibike mtungi. Koroga, mwanangu."

Limbai akakoroga. Machozi yake yaliingia mle ndani, niliyaona, na chachu nayo ikameza hivyohivyo.

Ilipofika siku ya kufungua mtungi ule, Bibi hakumwonjesha Limbai wala hakunionjesha mimi. Alimtuma baba akamwite Mama Sualin. Akaja, kifua mbele, tayari kucheka. Akapewa kikombe. Akanywa. Akanywa tena, taratibu, akalamba mdomo. Alikuwa na maneno mengi yule mama lakini ulimi wake ulikuwa mkweli, hilo sitamnyima.

"Gantis," akasema. "Umepata mkono safi mwingine? Mtoto wa nani?"

"Ni mkono uleule," Bibi akasema. "Wa Limbai. Na siku aliyokoroga alikuwa mwezini."

Mama Sualin akatoa macho. Akakitazama kikombe. Akamtazama Limbai aliyekaa pale na mkanda wake kiunoni, ambaye hakunifikia tena urefu mpaka anakufa, aliyekuja kungoja miaka mingi kwa kila mmoja wa watoto wake wawili, na ambaye nyumbani kwake hakuna mtoto aliyewahi kuachiwa kuonja chochote mtungini. Tulingoja ateme.

Akanyoosha kikombe.

"Haya, mwanamke," akamwambia Limbai. "Niongezee."